Nati Iliyokazwa kwa Vidole

Jumamosi ile Zenek Kalita aliporudi kutoka kwa shemeji yake, mkewe hakumsalimia. Alimtazama viatu. Vilikuwa na vumbi jeupe la ukuta mpya, na Bronka alilitazama vumbi lile kama wanawake wengine wanavyotazama rangi ya mdomo kwenye kola ya shati.

"Umetuletea sakafu ya Jola," alisema. "Usiipanguse. Ikanyage vizuri hapa, labda na sisi tutapata joto."

Zenek alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kuelewa baadaye. "Joto lile si la mchezo, Bronka. Wamelaza mabomba ya maji moto chini ya vigae. Mumewe, Rysiek, anatembea peku mle chini, Desemba hii, kama mtu aliye likizo."

"Na wewe ulitembea peku?"

"Nilijaribu kidogo."

"Kidogo," alisema Bronka, akamwekea sahani ya supu mezani kwa kishindo hata supu ikaruka juu ya kitambaa.

Mama yake Bronka, Bi Genowefa, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha dirishani akitunga uyoga mkavu kwenye uzi, mmoja mmoja, kwa sindano nene. Binti zake wawili aliwajua vizuri: Bronka, mkubwa, aliyekuwa akirithisha nguo zake, na Jola, mdogo, aliyekuwa akizivaa zikampendeza kuliko mwenyewe.

Katika nyumba zile za matofali za kusini-magharibi mwa Chicago, mwanamke ana majiko mawili. La juu ni la macho ya wageni. Linang'aa, na hakuna anayethubutu kukaanga yai humo. La chini, kule chini ya nyumba karibu na mashine ya kufulia, ndilo jiko lenyewe. Huko ndiko kabichi inakochemka, ndiko watu wanakogombana, na ndiko ukoo mzima unakoketi kula siku ya mkesha wa Krismasi. Zamu ya mkesha mwaka huu ilikuwa ya Bronka.

Sasa Jola naye alikuwa amesema, mbele ya watu, nje ya kanisa, kwamba jiko lake jipya la chini likiisha atampa Mama chumba kando yake, chenye sakafu ya moto na choo chake mwenyewe. Bi Genowefa alijibu, "Mkesha upite kwanza, ndipo tuone." Watu wakacheka, wakaenda zao. Bronka hakwenda popote. Alibaki amesimama pale pale moyoni mwake mpaka leo. Kwake mkesha ulikuwa umegeuka mtihani. Akifeli, kiti kile cha dirishani kitabaki kitupu.

"Na kazi yako je, Zenek, inaendaje?" aliuliza Bi Genowefa ili kubadili mazungumzo. Akaharibu zaidi.

"Mama, ungeyaona mabomba yangu ya kupitishia waya za umeme!" Zenek aliweka kijiko chini. "Yamenyooka, kila moja nimelibana ukutani karibu na sanduku, haliyumbi hata ulivute. Na pale bomba linapoingia kwenye sanduku la chuma, nati nimeigonga kwa bisibisi na nyundo mpaka meno yake yakauma chuma chenyewe. Sisi mji huu hatuvuti waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme uliotoroka, si unajua? Bomba lenyewe ndilo ethi. Nati ikilegea, njia imekatika. Umeme ukitoroka hauna pa kurudi. Unakaa kwenye chuma, unamsubiri mtu."

"Nati za Jola zinagongwa kwa nyundo," alisema Bronka akifuta meza palipokwisha kufutika. "Bomba langu mimi linacheza nikianika taulo."

"Nitalishughulikia."

"Ulisema hivyo Pasaka. Mimi sikulipi, ndiyo kasoro yangu."

"Kwani Rysiek ananilipa? Ananilipa nusu. Nusu nyingine ni undugu."

Bi Genowefa alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Hebu tegueni hiki. Nina mkate mmoja na watoto wawili. Nikiumega, kila mtoto anaona kipande cha mwenzake ndicho kikubwa. Mkate gani huo?"

"Wa ngano," alisema Zenek.

"Wewe kula supu yako."

Bronka aliendelea kufuta meza. Alikuwa na kazi nyingi, na vitendawili vya mama yake vilikuwa na tabia ya kumtazama yeye.

Katikati ya wiki Jola alikuja bila kupiga simu. Alikuwa na koti jipya la manyoya shingoni na vijana wawili wa kazi wa mumewe, na juu ya toroli yao kulikuwa na friji kubwa jeupe.

"Dada! Fungua mlango wa nyuma, tunaganda huku!"

"Hilo la nini?"

"La kwako, la nini tena? Samaki utaweka wapi, na watu wote wale? Mimi nimenunua jipya, la milango miwili, linatema barafu lenyewe ukilibonyeza." Alikuwa tayari ameingia, anashuka ngazi, anatazama huku na huku. "Loo, umepaka rangi chini! Pamependeza. Padogo, lakini pamependeza."

Vijana waliliweka friji katikati ya sakafu ya saruji. Mlangoni lilikuwa bado na picha iliyoshikizwa kwa sumaku, Jola na Rysiek huko Florida, wekundu kama kamba waliochemshwa.

"Zima hilo?" Bronka aliuliza.

"Zima kabisa. Lina kasoro ndogo tu, linaangusha breka ya umeme. Zamani halikuwa hivyo. Tangu shemeji atufungie yale mabomba mapya, basi, kila siku, ta! giza chini kote. Rysiek kasema litupwe, nikasema hapana, dada yangu hana. Shemeji sikumwambia, asije akadhani nalalamikia kazi yake. Unajua alivyo na mabomba yake."

"Najua alivyo. Ni mume wangu."

"Jamani, dada, nimesema nini sasa?"

"Limekushinda wewe, ndipo likanifaa mimi."

"Ningeweza kuliuza!"

"Ungeliuza."

Bi Genowefa aliwatazama kutoka juu ya ngazi, ameshika reli. "Friji la nini Desemba? Barazani nyuma kuna theluji mpaka magotini. Wekeni samaki huko, Mungu ameshaliwasha."

"Mama!" walisema wote wawili kwa sauti moja. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu mwezi wa Novemba.

Bronka alitaka kulirudisha. Lakini kulirudisha kungekuwa kusema kwamba limemuuma, na isitoshe lilikuwa kubwa, na ndani lilikuwa na taa inayofanya kazi. Jola alipoondoka aliibandua picha ya Florida, akaigeuza uso uangalie mlango, akairudishia sumaku yake.

Jioni Zenek alilizunguka friji akalipigapiga kwa kiganja. "Kumbe zito. Lina nini mpaka wameliacha?"

"Halina kitu. Jola amenunua kubwa zaidi. Hiyo ndiyo kasoro yake."

Hakumwambia habari ya breka. Ilitosha kwamba ameletewa kilichokataliwa; hakuona haja ya kukisoma cheti chake mbele ya mumewe.

Jumamosi iliyofuata Zenek alijitolea asubuhi kwa ajili ya nyumba yake. Friji lilihitaji soketi, na sanduku la soketi, lile la chuma la zamani, lilikuwa mbali na pembe ambako Bronka alitaka friji likae. Alikata umeme, akalifungua sanduku ukutani, akaliweka juu ya meza, akaenda dukani kutafuta kipande cha bomba.

Bronka alilitazama sanduku. Lilikuwa la kijivu, lina kutu pembeni. Aliuona uso wa Jola ukilitazama siku ya mkesha, ile namna yake ya kutosema. Kopo la rangi lilikuwa bado wazi. Alilipaka sanduku nje, kisha akalipaka ndani, kama anavyosugua sufuria, hakuacha kona. Alipaka mpaka kingo za matundu. Akalikausha mbele ya hita, akaona amefanya jambo la maana.

"Umelipaka na ndani?" Zenek aliuliza aliporudi.

"Ya Jola ni mapya. Langu lisiwe na kutu mbele ya watu."

"Ndani hakuna anayepaona, mke wangu. Haidhuru, nitakwangua pale nati inapokaa."

Alilifunga ukutani mahali papya, akaingiza bomba, akapitisha waya. Alikuwa na nati mkononi, anaizungusha kwa vidole, simu ilipolia juu. Bi Genowefa akaita kutoka ngazini, "Zenek, ni Jola! Anasema mkaguzi wa manispaa anakuja Jumatatu asubuhi, na kuna sanduku moja liko wazi bado! Analia!"

"Analia," alisema Bronka. "Maskini."

"Bronka, mkaguzi akiikataa kazi, jina langu ndilo limeandikwa pale."

"Nenda."

"Ni saa moja tu. Nikirudi nakaza hii."

"Nenda, nimesema. Kule kuna mkaguzi. Hapa hakuna mkaguzi, kuna mke tu."

Zenek angemjibu kwa utani, kama kawaida yake, labda angebaki. Lakini na yeye alikuwa amechoka kuitwa shemeji huku na kununiwa kule. Aliizungusha nati kwa vidole mpaka ikagoma, ikakaa juu ya rangi ile nyeupe nzuri, haijauma kitu. Bomba hakulibana ukutani. Alisukuma waya ndani, akafunga kifuniko kwa skrubu moja, akawasha umeme, akatoka bila kuvaa kofia.

Alirudi jioni amechoka hoi, akala, akalala. Bronka alikumbuka nati. Hakusema. Kumkumbusha kungekuwa kuomba, na alikuwa amechoka kuomba kilicho chake.

Friji lilifanya kazi. Lilinguruma kwa sauti nene ya mtu aliyeshiba, likafanya baridi, na breka haikuanguka hata mara moja. Siku ya kwanza Bronka alishuka kulitazama kila alipopata nafasi, akitegemea kukuta giza. Hakulikuta. Siku ya pili alipiga simu.

"Jola? Nilitaka tu kukuambia, friji lako linafanya kazi."

"Haliangushi breka?"

"Hapa halijaangusha. Labda lilikuwa halikupendi."

Kulikuwa na kimya upande wa pili, kimya kitamu, Bronka akakimeza polepole.

"Ajabu," alisema Jola. "Kwangu na yale mabomba mapya yote..."

"Ndiyo maisha. Haya, kwaheri, nina unga mikononi." Hakuwa na unga mikononi.

Bi Genowefa alikuwa ameanza kutundika nyuzi zake za uyoga kwenye lile bomba lisilobanwa, kama alivyozoea kutundika kila kitu, soksi, vitambaa, vitunguu. Bomba lilinepa kidogo kwa uzito, na kule sandukuni likajivuta. Asubuhi moja alipanda ngazi akikung'uta vidole vyake.

"Bronia," alimwita binti yake kwa jina la utotoni, "friji lako linauma."

"Linauma vipi?"

"Nimeshika mlango, likaning'ata. Kama paka mdogo."

"Ni ubaridi huo, Mama. Au sweta yako ya sufu."

"Sufu naijua. Sufu inatekenya. Hili linang'ata."

Bronka aliacha kukanda. "Kwa Jola lilikuwa halikung'ati?"

"Kwa Jola sijalishika."

"Basi. Ukienda kwa Jola utashika lile linalotema barafu. Sema tu, Mama, kama umeshaamua. Huna haja ya kulisingizia friji."

Bi Genowefa alimgeukia binti yake. Alitaka kusema kitu, akaona uso ule umefungwa kama duka siku ya sikukuu. "Sijaamua kitu," alisema, akarudi kwenye kiti chake. Kuanzia hapo alilifungua friji kwa kushika mlango na pindo la aproni, akanyamaza, maana hakutaka kuonekana analalamika katika nyumba ya mtu, hata mtu huyo akiwa mwanawe.

Hilo la aproni Bronka aliliona. Akalihesabu kuwa dharau.

Asubuhi ya mkesha jiko la chini lilijaa mvuke. Supu nyekundu ya bitiruti ilikuwa inachemka, pierogi, vifuko vya unga vilivyojazwa kabichi, zilikuwa zimepangwa juu ya taulo zenye unga, na meza ndefu ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe juu ya nyasi kavu kidogo, kama mila inavyotaka, na sahani moja ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa. Zenek alikuwa anateremsha viti. Bi Genowefa alikuwa anaosha samaki kwenye karo la saruji, ameshika bomba la maji kwa mkono wa kushoto, mikono yote miwili imelowa.

"Mama, nipe lile bakuli la krimu frijini," alisema Bronka bila kugeuka.

"Ngoja nijifute."

"Mama, unga unakauka huku! Liko pale pale karibu na mkono wako."

Bi Genowefa hakujifuta. Alinyoosha mkono wa kulia, akashika mpini wa friji.

Hakupiga kelele. Bronka aligeuka kwa sababu ya ukimya, akamwona mama yake amesimama wima isivyo kawaida, kama mtu anayepigwa picha, kidevu juu, mdomo wazi, na mkono uliogandia mpini unatetemeka. Alitupa mwiko, akamrukia.

"Usimguse!" Zenek aliachia viti vikaporomoka ngazi nzima. "Bronka, usimguse!"

Mikono ya Bronka ilisimama hewani, karibu kabisa na mabega ya mama yake. Zenek alipita nyuma yake mbio, akavunja kucha kwenye mlango wa sanduku kubwa la umeme, akavuta swichi ya nyumba nzima. Friji likanyamaza. Taa zikafa. Katika mwanga mdogo wa kidirisha cha juu Bronka alimdaka mama yake akianguka, wakaanguka wote wawili kwenye sakafu yenye maji na magamba ya samaki.

"Mama. Mama. Mama."

"Nasikia," alisema Bi Genowefa baada ya muda mrefu, kwa sauti isiyo yake. "Nilikwambia linang'ata."

Hospitalini walimweka kwenye mashine ya kuupima moyo, wakamfunga bandeji kiganjani palipoungua, wakasema ana bahati, lakini wamwangalie mpaka alasiri. Jola alifika na koti lake la manyoya limefungwa vibaya, vifungo vimepishana.

"Angekuwa kwangu haya yasingetokea!" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

Bronka alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu ya miaka mingi, yamepangwa. Aliyaacha, akamsogezea mdogo wake kiti.

"Jola," alisema Zenek polepole, "friji lile lilipokuwa kwako, lilikuwa na shida yoyote?"

"Si nilimwambia dada? Lilikuwa linaangusha breka kila siku, tangu ufunge mabomba."

Zenek alikaa. Alitazama mikono yake, kisha akamtazama mkewe. "Ulijua?"

"Nilijua linazima."

"Kwa nini hukuniambia?"

Pua ya Bronka ilikuwa nyekundu. "Kwa sababu kwangu lilikuwa halizimi. Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza kitu cha Jola kilikuwa kinakwenda vizuri zaidi kwangu."

"Waya umechubuka ndani ya lile friji," alisema Zenek. "Unagusa bodi ya chuma. Kwa Jola umeme uliotoroka ulikuwa unarudi kupitia bomba, breka inaruka, watu salama. Kwetu haukuwa na njia. Ulikaa mlangoni." Alisugua uso kwa viganja. "Na njia niliikata mimi. Ile nati niliikaza kwa vidole, nikaenda kumfurahisha mkaguzi wa watu wengine. Nimefanya kazi hii miaka yote, nikaja kuifanya vibaya nyumbani kwangu."

"Nilikufukuza," alisema Bronka.

"Sikufukuzika kwa shida."

Jola alikuwa anavifungua vifungo vyake na kuvifunga tena. "Mimi nililileta," alisema. "Nilitaka... sijui nilitaka nini. Kila siku Mama anasimulia, Bronia kafanya hiki, Bronia kanipikia kile. Nilitaka na mimi niwe nimeleta kitu kikaonekana."

Bronka alimtazama mdogo wake kama mtu aliyeambiwa kwamba jua linazama upande mwingine. "Anasimulia habari zangu?"

"Hadi inachosha."

Pazia lilivutwa. Bi Genowefa alikuwa ameketi kitandani, amevaa viatu tayari. "Nimeruhusiwa. Twendeni, watu watafika."

"Kwangu, Mama," alisema Jola haraka. "Kuna joto, utajilaza."

"Samaki wako wapi?"

"Kwa... kwa dada."

"Basi tunakwenda kwa samaki."

Walipofika nyumbani, Zenek alishuka chini kwa tochi kabla ya mtu mwingine. Bronka alimfuata. Alimwona akifungua ile skrubu moja, akiingiza mkono sandukuni, akizungusha nati kwa vidole viwili tu. Ilizunguka kama kifuniko cha chupa ya maji. Chini yake rangi ilikuwa nzima, nyeupe, safi, haina hata alama ya jino moja.

"Nimeipaka vizuri," alisema Bronka. Alichukua kisu cha kumenyea viazi. "Nionyeshe wapi."

"Nitafanya mimi."

"Nionyeshe wapi, Zenek."

Akamwonyesha. Bronka alikwangua ndani, akakwangua nje, akakwangua kingo za tundu, unga wa rangi ukimdondokea kwenye mikono ya nguo yake ya sikukuu, mpaka chuma kikang'aa. Zenek aliondoa nyuzi za uyoga kwenye bomba, akazilaza mezani. Alilibana bomba ukutani karibu na sanduku. Akarudisha nati, akaegemeza bisibisi kwenye jino lake, akagonga kwa nyundo, akagonga tena, na kila pigo lilisikika mpaka juu, ambako Bi Genowefa alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha dirishani na Jola amepiga magoti akimvua viatu.

"Vuta," alisema Zenek.

Bronka alilivuta bomba kwa nguvu zake zote. Halikucheza.

"Sasa simama mbali na friji, mikono mfukoni." Alirudisha swichi kubwa. Taa zikawaka, jiko lote likaonekana, unga, magamba, viti vilivyoanguka. Kisha akachukua plagi ya friji, akaichomeka.

Ta!

Giza chini kote.

"Limezima!" alipiga kelele Bronka. "Limezima, Zenek!"

"Limezima!"

"Kama kwa Jola!"

"Kama kwa Jola kabisa!"

Alikuwa anacheka na kulia pamoja, na alipokumbatiwa na mumewe alinusa vumbi la rangi kwenye shati lake, safari hii vumbi la kwake mwenyewe.

Zenek na Rysiek walilitoa friji wakalisukuma mpaka kichochoroni nyuma ya nyumba, na Zenek akaukata waya wake kwa koleo ili asije mtu mwingine akaliokota akaliona bahati. Samaki na krimu vilikwenda barazani, kwenye theluji. Bi Genowefa hakusema kitu kuhusu hilo. Alikohoa tu, lakini kila mtu alikisikia alichokohoa.

Nyota ya kwanza ilipoonekana waliketi. Bi Genowefa alichukua ule mkate mwembamba wa mkesha, mweupe kama karatasi, ambao kila mtu humegeana na mwenzake na kumtakia heri. Kwa mkono uliofungwa bandeji aliumega kati, akawapa binti zake wawili. Bronka alitazama kipande cha Jola. Jola alitazama kipande cha Bronka. Wakakutana macho.

"Mmekitegua," alisema mama yao. "Haya, kuleni."

Walikula mpaka wakashindwa. Wakati wa kahawa Jola aliegemea kiti cha mama yake. "Chumba kile kiko tayari, Mama. Mkaguzi amepitisha kila kitu. Sakafu ina moto kama mkate."

Bronka alikuwa ameshika sufuria. Hakuiweka chini.

Bi Genowefa alizitazama zile nyuzi za uyoga zilizolazwa mwisho wa meza, kisha akalitazama bomba, limenyooka, limebanwa, halina kitu juu yake.

"Zenek," alisema, "sasa hizi nitazitundika wapi? Uyoga wa mwakani je?"

Zenek alikuwa ameshasimama. Alipekua mfuko wa zana, akapanda juu ya kiti kwa soksi, akapigilia misumari miwili mikubwa kwenye boriti la dari, mbali na bomba, akazitundika nyuzi moja moja. Bronka aliweka sufuria chini.

Jola aliitazama ile misumari. Ilikuwa misumari ya kawaida tu, ya senti chache, ina kutu kidogo.

"Shemeji," alisema, "hiyo hata kwangu ungeweza kunipigilia."